Ujumbe Umefika, Kioo Hakijawaka: Kisa cha Simu ya Fundi Cherehani wa Kibuye

Aliiweka simu juu ya kaunta yangu, kioo kikitazama juu, akainyooshea kidole. Kisha akakunja ngumi mbele ya macho yake, akaifumbua ghafla vidole vikitawanyika kama mwanga, akatikisa kichwa. Binti yake, aliyekuwa ametoka shule na mkoba bado uko mgongoni, ndiye aliyenitafsiria: "Fundi, mama anasema haiwaki."

Nilibonyeza kitufe cha pembeni. Ikawaka vizuri tu.

"Si hivyo," mtoto akasema. "Ukiigusa inawaka. Ujumbe ukija ndiyo haiwaki."

Natengeneza simu hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na malalamiko ya "simu hainionyeshi meseji" nayasikia karibu kila juma. Kwa wengi ni kero ya kupita. Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu kilinichukua majuma mawili, kwa sababu mara ya kwanza nilimrudishia mteja simu ambayo sikuwa nimeiponya, na kwa sababu kimebadilisha namna ninavyoiangalia mipangilio ambayo nilikuwa nimeizoea kwa miaka.

Mama huyu ni kiziwi tangu utotoni. Anashona sare za shule, na wateja wake wengi humwandikia WhatsApp kwa kuwa kumpigia simu hakusaidii. Dada yake yuko Nakuru. Wao huongea kwa ishara kupitia simu ya video. Cherehani yake ni ya umeme, na inapokimbia meza nzima hutetemeka, pamoja na mkasi, chaki na simu. Kwa hiyo mtetemo wa simu, ambao watu hudhani ndio jibu la kila kiziwi, kwake hupotea ndani ya mtetemo wa mashine. Kinachobaki ni mwanga. Simu yake ya zamani ilikuwa na kitaa kidogo juu ya kioo, kile cha kijani kilichokuwa kikimetameta mpaka uusome ujumbe. Simu nyingi za siku hizi hazina tena kitaa hicho. Alipoibadilisha ile ya zamani akachukua mpya ya kulipia kidogo kidogo, kitaa kikaenda na ile ya zamani.

Juma ambalo shule zilikuwa zinafunguliwa, mteja alimwandikia asubuhi akitaka kaptura 22 na gauni 18. Aliuona ujumbe jioni, alipoichukua simu aende nyumbani. Mteja alikuwa ameshapeleka kitambaa kwingine.

Nilianzia pale ambapo mafundi wengi tungeanzia, kwenye kioo. Kioo cha simu hii ni cha LCD, yaani taa iko nyuma na huangaza kioo chote hata kama unataka kuonyesha neno moja tu. Vioo vya AMOLED ni tofauti: kila nukta hujiwakia yenyewe, na penye weusi hakuna umeme unaotumika, ndiyo maana simu za aina hiyo zinaweza kukuonyesha saa na arifa kwenye giza siku nzima bila kumaliza chaji. Kwa LCD, kuwasha kwa ajili ya arifa ni kuwasha kila kitu. Watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu huukwepa mzigo huo kwa kuweka swichi ya "washa kioo arifa ikija" ndani ya mipangilio ya kufunga skrini, na kuiacha imezimwa tangu kiwandani. Kwenye simu hii ilikuwa imezimwa. Niliiwasha. Nikafunga kioo, nikamtumia meseji ya kawaida kutoka kwenye simu yangu. Kioo kikawaka, kikakaa sekunde chache, kikazima. Mama akatabasamu, akanilipa, akaenda.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijaribu kwa meseji ya kawaida, wakati lalamiko lilikuwa la WhatsApp, na vitu hivyo viwili havipiti mlango mmoja.

Meseji ya kawaida, pamoja na zile za M-Pesa ambazo Wakenya tumezizoea tangu 2007, huja kwa njia ya mnara moja kwa moja. Simu inapolala, prosesa kubwa inayoendesha programu hulala pia, lakini modemu, sehemu inayoongea na mnara, hailali kabisa. Kila baada ya muda mfupi, sekunde moja au mbili hivi, huamka kidogo na kusikiliza mnara: je, kuna wito wangu? Ukiwapo, modemu humgutusha mwenzake mkubwa, ujumbe unapokewa, na programu ya meseji inaarifiwa. Haihitaji bando, wala haimjali aliyeiambia simu ibane matumizi ya betri. Ndiyo maana mama huyu, kila alipofungua simu jioni, alizikuta M-Pesa zimeingia kwa dakika zake sahihi. Na ndiyo maana mimi niliposikia kwamba M-Pesa zinaingia sawasawa, nilidhani njia yote iko wazi.

WhatsApp na wenzake huja kwa intaneti, na hapo mambo hubadilika. Kama kila programu ingeachiwa kukaa macho ikiulizia jumbe zake, betri isingefika saa sita mchana. Kwa hiyo kwenye Android programu zote hushirikiana njia moja inayobaki wazi kati ya simu na mitambo ya Google. Ujumbe ukifika kwenye mitambo ya programu, mitambo hiyo huiomba Google iigutue simu, na ombi huwa la aina mbili: la dharura na la kawaida. La dharura huamsha simu hata ikiwa usingizini. La kawaida linaweza kungoja.

Usingizi wenyewe uliingia rasmi kwenye Android 6 mwaka 2015, kwa jina la Doze. Simu ikiwa haijachomekwa kwenye chaji, imetulia pasipo kuguswa na kioo kimezimwa kwa muda, mfumo huzifungia programu intaneti, kisha huzifungulia kwa vipindi vifupi ambavyo huzidi kuachana kadiri usingizi unavyoendelea. Mwaka uliofuata, Android 7 ikaongeza usingizi mwepesi unaofanya kazi hata simu ikiwa mfukoni mwa mtu anayetembea. Android 9 ya 2018 ikaanza kuzipanga programu kwa makundi kulingana na unavyozitumia: usiyoigusa mara kwa mara hupewa nafasi chache za kufanya kazi. Yote haya yana sababu nzuri. Mtu wa boda ambaye chaji yake lazima ifike usiku ana haki ya kushukuru.

Siku nne baadaye akarudi, safari hii peke yake. Aliandika kwenye daftari langu la risiti: "Bado. Leo 3 zimepita." Akanionyesha: jumbe tatu za wateja, zote zimeandikwa asubuhi, zote zimeonekana mchana. Hakukasirika. Ningependelea angekasirika.

Nilimwomba aniachie simu mpaka siku ya pili. Nikafanya jambo ambalo ningefanya tangu mwanzo: nikaiweka mezani, haijachomekwa, nikamwandikia kwa WhatsApp kila baada ya nusu saa nikiangalia tiki upande wangu. Hicho ni kipimo cha bure na wengi hawakitumii. Tiki moja maana yake ujumbe umefika kwenye mitambo ya WhatsApp lakini haujafika kwenye simu. Tiki mbili, umeingia ndani ya simu. Ukiona tiki mbili na kioo cha mwenzako kimekaa giza, ujue tatizo liko ndani ya simu, kwenye maamuzi ya kuwasha. Ukiona tiki moja huku simu ina mtandao, ugomvi uko njiani, na ukibadilisha mipangilio ya kioo unapoteza muda wako.

Tiki moja. Nusu saa ikapita, tiki moja. Nikaifungua simu, nikagusa WhatsApp, na jumbe zote zikamwagika kwa pamoja kama maharagwe yaliyotoboa gunia.

Nilimshuku Doze kwanza. Nina laptopu ya zamani kwa kazi kama hii; ukiunganisha simu kwa kebo, unaweza kuiambia ijione haipo kwenye chaji, kisha ukailazimisha iingie usingizi mzito papo hapo badala ya kungoja saa nzima. Nilifungua WhatsApp, nikaiacha kawaida, nikafunga kioo, nikailaza simu kwa amri, nikatuma. Tiki mbili, mara moja. Usingizi wa Android haukuwa na hatia: ujumbe wa WhatsApp ulikuja kama dharura na ukaupita.

Basi ni nini kilichobadilika kati ya majaribio yangu na maisha ya mama huyu? Nilikumbuka alivyoninyang'anya simu kwa upole siku ile ya kwanza kabla ya kuondoka: alifungua ile orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni, akazifagia zote juu kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine, kisha akaitia simu mfukoni. Ni mazoea ya watu wengi. Wanaamini wanaokoa chaji na bando. Nikafanya kama yeye: nikaifagia WhatsApp, nikafunga kioo, nikatuma.

Tiki moja.

Kwenye Android ilivyotoka kwa Google, kuifagia programu kwenye orodha ile hakuizuii kupokea ujumbe. Lakini kampuni iliyotengeneza simu hii imeongeza ulinzi wake wa betri juu ya ule wa Google, na kwa ulinzi huo kufagia ni sawa na kuisimamisha programu kwa nguvu. Programu iliyosimamishwa kwa nguvu hailetewi chochote na Google, hata cha dharura, mpaka mwenye simu aifungue mwenyewe kwa mkono. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mama huyu alikuwa akiifunga kazi yake kwa mkono wake bila kujua, na hakuna mahali popote kwenye kioo palipomwambia.

Nilienda kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo, nikaondoa kizuizi, nikairuhusu ijianzishe yenyewe, na nikaifungia kufuli kwenye orodha ile ili isifagiliwe. Nikafagia nyingine zote, nikatuma. Tiki mbili. Nikainama kuangalia kioo chake.

Giza.

Nakumbuka nilikaa nikikitazama kile kioo cheusi na tiki zangu mbili mkononi. Ujumbe uko ndani. Swichi ya kuwasha kioo nimeiwasha mwenyewe siku nne zilizopita na bado imewaka. Meseji ya kawaida inakiwasha. WhatsApp haikiwashi.

Jibu lilikuwa kwenye mipangilio ya arifa za WhatsApp. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, kila programu hugawa arifa zake kwa makundi, na kila kundi hupewa kiwango cha umuhimu. Kundi la jumbe kwenye simu hii lilikuwa limewekwa "Kimya". Aliporudi nikamuuliza kwa maandishi ni nani aliyeliweka hivyo. Akaandika kwamba jirani yake wa kibanda, muuza vitambaa, alikuwa amechoshwa na mlio wa simu usiokatika, mlio ambao mwenyewe hausikii, na kijana wake akamsaidia kuunyamazisha. Walifanya ujirani mwema. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Lakini neno "Kimya" pale lina maana pana kuliko linavyosomeka. Arifa iliyowekwa kimya hupoteza mlio, hupoteza mtetemo, hushushwa chini kwenye orodha, na haiwashi kioo. Mfumo unasoma hivi: mtu huyu hataki kusikia hiki, kwa hiyo hakina haraka, kwa hiyo hakistahili kumwamshia simu. Hesabu hiyo imepigwa na watu wanaosikia, kwa ajili ya watu wanaosikia. Kwao, kunyamazisha ni kupuuza. Kwa mama huyu kunyamazisha ni kumheshimu jirani tu, na wala hakupunguzi hata chembe umuhimu wa kaptura 22. Umuhimu umepimwa kwa sauti, na yeye sauti haiko kwenye mizani yake. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha. Katiba yetu ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kati ya lugha ambazo dola inapaswa kuzikuza, na katika ibara ya 120 inaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Simu iliyo mkononi mwa raia huyo huyo bado inachukulia kwamba asiyetaka mlio hataki habari.

Dawa ilikuwa ndogo kwa kusikitisha. Nilirudisha kundi la jumbe kwenye "Chaguomsingi", kisha ndani yake nikabadilisha mlio kuwa hakuna mlio kabisa, mtetemo nikauacha. Kwa namna hiyo arifa inabaki na cheo chake, kioo kinawaka, na muuza vitambaa anakaa kwa amani. Kutoka nje, njia hizi mbili za kunyamazisha zinafanana kama mapacha. Ndani moja huizika arifa, nyingine huiondolea sauti tu. Kama una mzazi kiziwi, au unafanya kazi mahali ambapo simu haitakiwi kulia lakini kioo lazima kiwake, angalia hapo kwanza. Angalia pia "Usinisumbue", kwani nayo ina kifungu chake kinachoamua kama kioo kiwake au kisiwake wakati imewashwa.

Zilibaki ndogondogo mbili. Simu alikuwa ameishonea kimfuko cha kitenge, kizuri hasa, cha maua ya samawati, kikiwa na dirisha la kioo. Ukingo wa juu ulikuwa umefunika kihisio cha ukaribu, kile kinachoijulisha simu kwamba iko sikioni au mfukoni. Simu inayodhani iko mfukoni haiwashi kioo kwa arifa, na ni haki yake. Alipoelewa, alichukua mkasi wangu akatoboa kitundu pale pale kwenye kaunta, akakizungushia uzi kwa sindano aliyoitoa kwenye ukosi wa gauni lake. Ilimchukua dakika tatu.

La pili ni kwamba kioo huwaka sekunde chache tu, na mtu anayefuata mshono macho yake yako kwenye sindano. Hapa tuliutumia mwanga wa tochi ya kamera. iPhone ina swichi ya kumulika tochi kwa arifa tangu 2011, kwenye sehemu ya huduma kwa watu wenye ulemavu. Baadhi ya watengenezaji wa Android waliiweka mapema, lakini Android yenyewe iliipata kwenye toleo la 14, mwaka 2023. Simu yake ilikuwa imeshapata toleo hilo, na swichi ilikuwa imezimwa, ndani kabisa ya menyu ambayo hakuna aliyewahi kumfungulia. Toleo hilo hilo pia linaweza kufanya kioo chenyewe kimweke kwa rangi utakayochagua. Alichagua njano, na tochi juu yake.

Tatizo la tochi ni kwamba iko mgongoni mwa simu, kwa hiyo simu ikilazwa chali mwanga unazama mezani, na ikilazwa kifudifudi kioo hukioni. Yeye ndiye aliyelitatua. Alisimamisha simu kwenye kibweta cha uzi kilichokwisha, akiielekeza kidogo, ili tochi ipige ukuta mweupe wa mabati nyuma ya cherehani na kioo kimtazame yeye. Nilienda kuiona kibandani kwake siku iliyofuata. Alikuwa ameinama kwenye kola ya shati, mashine inanguruma. Nilisimama mbali karibu na wauza mitumba, nikamwandikia neno moja: "Mambo." Ukuta ukamweka mara mbili. Mguu wake ukaachia kanyagio kabla sijaona tiki zikigeuka buluu.

Simu ya video ya dada yake haikuhitaji kazi zaidi. Simu zinazoingia huomba kufungua kioo kizima na kubaki zimewaka mpaka ujibu au zikatike, na ingawa Android 14 imeibana ruhusa hiyo, imewaachia wenye kupiga simu na wenye kengele. Kilichokuwa kikiizuia ni kule kufagia tu.

Nilimwonya kwamba mfumo ukisasishwa, swichi hizi huweza kurudi zilivyokuwa, hasa ile ya betri. Binti yake alichora kila moja kwenye karatasi ya daftari la hesabu: picha ya betri, picha ya kufuli, picha ya kengele isiyo na mdomo, picha ya tochi, na mishale ya mahali pa kugusa. Karatasi inakaa kwenye bati la vifungo, chini ya zipu. Mwezi uliopita simu ilijisasisha usiku, na asubuhi mama huyu aliirekebisha mwenyewe kwa karatasi ile, akanitumia picha ya ukuta wake ukiwa na mwanga.